Ng'ombe Mia Tatu wa Jemedari Chuma

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Nimechoka. Joka langu limekufa.

Nimelilea joka lile tangu mvua zianze. Nimelichora, nimelipa jina, nimelitafutia ziwa la kukaa juu ya mlima, hata harufu ya pumzi yake niliiandika. Lilitakiwa kuwatesa wachezaji wangu mpaka Juni. Ackson akarusha dadu, akasema jemedari wake anatupa mkuki. Joka chali! Chai yenyewe haijapoa.

Kosa la nani? La mkuki. Mkuki nilimpa mimi, sikatai, lakini ningefanyaje? Mchezo wetu wa kusimuliana mezani unataka watu, na watu wenyewe ni watatu tu: Ackson wa bodaboda, Esnath fundi cherehani, na Rahima muuza vitenge. Mimi ndiye mwongozaji. Nasimulia dunia, wao wanaishi humo kama mashujaa, dadu inaamua nani kapona. Tunachezea hapa hapa Ibighi, Tukuyu, nyuma ya mashine yangu ya fotokopi. Raha tupu. Kisha Yussuph, yule wa kava za simu kule stendi, naye akafungua meza yake ya mchezo. Nikaingiwa na hofu. Nikaanza kugawa. Mtu akiua panya, ng'ombe kumi. Leo hii Jemedari Chuma wa Ackson ana ng'ombe mia tatu, mkuki usiokosa, na ngao inayozuia kila silaha duniani.

Baada ya joka kufa Rahima alipiga miayo. Akauliza sasa tunafanya nini. Nikawapa ng'ombe wengine. Esnath akasema hataki ng'ombe. Shujaa wake analala mlimani kwenye baridi, kwa hiyo kama inawezekana anaomba blanketi. Blanketi! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwongezea ng'ombe.

Jumapili, 4 Mei

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza namna ya kumnyang'anya Chuma mali zake. Nimtoze kodi? Watagoma. Nimtumie wezi? Atawachoma mkuki mmoja mmoja.

Nimepata. Afe! Maiti hamiliki mkuki. Ackson ataanza upya na shujaa mwenye fimbo, mchezo utarudi kuwa mgumu, Rahima ataacha miayo, na hakuna atakayekumbuka njia ya kwenda kwa Yussuph. Mpango safi kabisa. Nilitabasamu katikati ya maombi ya wagonjwa. Mzee wa kanisa aliniona.

Jumatano, 7 Mei

Nimemuua. Nimemlisha uyoga wenye sumu. Ngao haizuii uyoga.

Ackson alisimama. Akavua kofia. Akasema lazima tuzike. Nikakubali, nikidhani ni dakika mbili tatu. Walizika jioni nzima! Rahima aliangua kilio, kile chenyewe kabisa, mpaka mteja wangu mmoja akaondoka bila kuchukua nakala zake. Esnath akauliza nani anachinja. Wakachinja ng'ombe wa marehemu, wakala, wakachinja tena. Angalau kundi linapungua.

Kisha Ackson, bila kuniuliza, akaandika kwenye status ya simu yake kwamba tumempoteza jemedari wetu na msiba uko dukani kwa Ambindwile, yaani kwangu.

Alhamisi, 8 Mei

Nafungua duka, namkuta Mama Tusekile, jirani yangu, mlangoni na mkungu wa ndizi kichwani. Bibi wa watu kalowa chapachapa. Akanipa pole kwa kilugha chetu: ndaga, baba, ndaga, pole sana. Akauliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikasema jemedari. Akauliza wa kikosi gani.

Unamwelezaje bibi aliyebeba ndizi kwenye mvua kwamba marehemu alifia mezani kwa uyoga wa kubuni? Nikasema ni ndugu wa mbali. Akaketi kwenye benchi la wateja akaanza kumlilia. Wakaja wengine. Wanaume wakawasha moto barazani, wakaniuliza ratiba ya mazishi. Nikasema amezikwa tayari. Wakatikisa vichwa, wakasema vijana wa siku hizi tunazika watu harakaharaka kama tunapanda viazi.

Fotokopi sikutoa hata moja. Saa za mchana nilijikuta natokwa na machozi, ya kweli. Mama Tusekile akanipigapiga mgongoni. Sikuwa namlilia Chuma. Nilikuwa nalililia joka langu, ambalo hakuna aliyeliletea hata ndizi moja.

Jumamosi, 10 Mei

Ackson amekuja na shujaa mpya. Anaitwa Jemedari Shaba. Mdogo wake marehemu, tumbo moja. Amekuja kurithi!

Nikasema haiwezekani. Esnath akasema inawezekana sana, mtu akifa mdogo wake ndiye anayesimama mahali pake, hata nikiwauliza wazee wa Mpuguso watanijibu hivyo hivyo. Rahima akauliza kama kwetu mali ya marehemu inachukuliwa na mwenye fotokopi. Shaba akabeba ng'ombe, mkuki na ngao. Kisha Rahima na Esnath wakatoa rambirambi, ng'ombe wao wote, kwa sababu wamechoka kuwachunga. Kwa hiyo Shaba ni tajiri kuliko marehemu.

Sikungoja. Nikampiga radi.

Ackson hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza kama nimeshakutana na mdogo wao, Jemedari Bati. Nikauliza, kwa sauti ambayo najuta, mama yao alizaa wangapi. Akasema mama bado yupo, na ni mjamzito.

Jumamosi, 17 Mei

Hakuna aliyekuja.

Nilipanga vikombe vinne. Nilichemsha chai ya tangawizi. Nilikuwa nimetunga joka jipya, kubwa zaidi, na nilishamwandalia Bati homa ya tumbo. Nikakaa. Mvua ikapiga bati la duka, chai ikapoa, nikainywa peke yangu vikombe vyote vinne ili isiharibike. Duka lilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuipenda. Sina watu wengine. Ukweli ndio huo.

Jioni Rahima akatuma ujumbe. Kaka Ambi usikasirike, tuko kwa Yussuph, kwako tumeshapata kila kitu.

Nimeelewa. Yussuph anagawa zaidi. Itakuwa anagawa tembo.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda stendi kupeleleza. Nilijifanya nanunua kava. Ackson akaniona, akanivutia kiti mbele za watu wote. Yussuph akasema karibu kaka, akanimiminia chai. Adabu nyingi! Nilizidi kumshuku.

Nikangoja nione tembo. Hakuna tembo. Hakuna ng'ombe, hakuna hata mbuzi. Tangu jana mpaka leo meza nzima imepata zawadi moja: blanketi. Kuukuu, lina tundu. Shujaa wa Esnath alilipata kwa kumuuguza ajuza mmoja mpaka akapona, na Esnath alinisimulia habari zake zote, rangi yake, linavyonuka moshi, tundu liko upande gani. Machozi yalimlengalenga. Ackson, mwenye ng'ombe wake wote wale, sasa ana fimbo tu. Aliomba pembe moja ya blanketi afunike mguu. Esnath akakataa. Walicheka wote mpaka Rahima akashika meza isianguke.

Kwangu hawajacheka hivyo siku nyingi. Iliniuma. Nikamuuliza Yussuph, kama utani, mbona mchoyo hivyo. Akasema anatoa kile mtu alichokitamani, na anakitoa akiwa ameshakitamani vya kutosha. Esnath alinitazama mimi.

Nimerudi kwa miguu, mvua yote mgongoni, nikiwaza mpaka Ibighi. Na hatimaye nimelielewa kosa langu lote, kuanzia mwanzo. Nililikataa ombi zuri pale pale lilipotolewa. Tatizo halikuwa kugawa, tatizo lilikuwa ng'ombe. Tukuyu kuna baridi!

Jumamosi nawaita warudi wote. Natoa mablanketi. Mia tatu kwa kila mmoja, na yasiyo na tundu.