Mkurugenzi wa Mapango

Jumanne, 9 Februari 1988

Namono hajarudi. Leo siku ya thelathini na sita. Alisema anakwenda Mbale kumsalimia mama yake, lakini mtu hasalimii na masufuria yote.

Sababu ni cherehani. Nilimpa Gaster cherehani ya mkono ya Namono, Gaster akanipa kipaza sauti. Mabadilishano ya haki kabisa. Cherehani inasikika nyumba moja, kipaza sauti kinasikika mtaa mzima. Mke wangu hakutaka kuliona hilo.

Nimepata njia ya kumrudisha. Sitakwenda kwao kupiga magoti. Nitakwenda na gari limejaa wageni. Ziara ya Mawe na Mapango, Jinja hadi Mbale na kurudi, siku moja! Watu wa Jinja wamesafiri sana miaka hii, lakini kwa kukimbia. Sasa nchi imetulia, wasafiri kwa kutazama. Tukimaliza mapango, nitapita kwa wakwe kama kwa bahati. Namono ataniona nikishuka garini, kipaza sauti mkononi. Atafunga virago mwenyewe.

Nimejiandikia cheo: Mkurugenzi. Nimekiandika pia kwenye shati, kwa kalamu.

Jumatano, 10 Februari

Gari ni tatizo. Mtu pekee mwenye pikapu anayenisalimia ni Gaster. Huyu alikuwa askari jela, akaacha kazi, akarudi na pikapu ambayo hakuna anayeuliza aliipata wapi. Tunashindana tangu zamani. Nikiuza vitunguu, naye anauza vitunguu. Nikiacha, naye anaacha, ila yeye anaacha akiwa na faida.

Amekubali kuendesha. Sharti lake, akae mbele na aitwe dereva mkuu. Nimemwuliza mkuu wa nani, maana dereva ni yeye peke yake. Akasema hilo si langu.

Wageni wamepatikana. Mwalimu Margret wa shule ya Wanyange na walimu wenzake watatu, wanawake wa kuuliza maswali. Na Afande Romano, mkuu wa jela mstaafu, ambaye ameuliza jambo moja tu: huko pangoni kuna kiti? Nimesema vipo.

Ijumaa, 12 Februari

Barua kutoka kwa Wanzala, rafiki yangu wa kiwanda cha kahawa, mtaa wa Industrial, Mbale. Amenipatia mwongozaji. Anasema kuna mama mmoja wa Wanale anaitwa Nabifo, anayajua mapango kuliko popo wenyewe. Wakati wa vita aliishi humo.

Wanale ndiko kwa wakwe zangu. Safi! Ndege wawili kwa jiwe moja, na mawe yenyewe yako tele.

Niandike hapa nisije nikasahau adabu. Kwa Wagisu, mume wa binti haoni uso wa mama mkwe, wala hatamki jina lake. Kwetu Busoga ni hivyo hivyo. Miaka saba nimeoa, nimemwona mgongo mara moja tu, akiingia migombani. Jina lake silijui na sijauliza, kwa heshima. Kwa hiyo kesho nikifika kijijini nitapiga hodi mbali, nimwachie nafasi ya kujificha. Mkurugenzi lazima awe na adabu.

Jumamosi, 13 Februari (naandika Jumapili, jana mkono ulikuwa umevimba)

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya Tororo, kizuizi cha jeshi. Askari kijana akakiona kipaza sauti. Akauliza hii kitu ya kupiga kelele ni ya nani, na kama tunaenda fanya siasa. Nikasema hapana afande, tunaenda kutazama mawe.

Akaniangalia. Akamwita mwenzake: "Kuja sikia. Hawa watu naenda tazama mawe." Mwenzake akauliza mawe ya nani. Nikasema si ya mtu. Akauliza kama si ya mtu, tunatazama ya nini? Afande Romano akashuka, akanyoosha mgongo, akasema neno moja la kijela. Wakatupigia saluti tukapita. Gaster akasema mkurugenzi halisi ameonekana. Nikauma meno.

Pale Tororo tulisimama. Jiwe lile! Limesimama katikati ya mji peke yake, kubwa kuliko misikiti na makanisa yote yakipangwa pamoja. Nimepita hapo mara mia na mizigo, sijawahi kuinua kichwa. Nikawasha kipaza sauti nikatangaza kwamba lilidondoka kutoka mbinguni mwaka wa 1902. Mwalimu Margret akauliza nani aliliona likidondoka. Nikatangaza kwamba muda umekwisha, twende.

Tulipofika Mbale, mlima wa Wanale ukatuziba mbele. Ukuta wa mwamba mrefu, mweusi na mwekundu, na maji yanashuka kwa nyuzi nyeupe hapa na pale. Walimu waliacha maswali. Hata Gaster alizima injini bila kuambiwa.

Hapo nikatoa mpango wangu wa siri. Niliwaacha wageni wamsubiri mwongozaji chini, nikatangulia kupanda na kipaza sauti. Nilitaka nijifiche ndani ya pango, wakiingia wasikie sauti nzito kutoka gizani: Karibuni, mimi ni babu wa mapango. Hakuna ziara nyingine Uganda yenye babu.

Pango lenyewe liliniondolea babu kichwani. Maji yanaanguka mbele ya mlango kama pazia. Ndani ni pana, dari lina rangi tatu, na kwenye ufa mmoja majani ya kijani yamejiotea bila udongo. Ukigeuka, unaona tambarare yote mpaka mji wa Kumi. Nilisimama tu. Nikasema subhanallah bila kipaza sauti. Kisha nikasikia miguu, nikajibanza nyuma ya jiwe kubwa kule ndani.

Mwongozaji akaingia na wageni, akaanza kusema.

Uso sijawahi kuuona, lakini sauti ile naijua. Ndiyo iliyoniuliza kutoka chumba cha ndani siku ya mahari kama nina kazi.

Nabifo ni mama mkwe! Na pango lina mlango mmoja, na yeye amesimama mlangoni.

Nikakaa chini. Sikuwa na la kufanya ila kusikiliza, na niseme kweli, sijawahi kusikia mtu akisema vile. Hakupaza sauti hata kidogo. Alisema miaka miwili iliyopita, mwezi kama huu, askari walioshindwa walipita Mbale wakikimbia, wakichukua kuku, redio, hata milango. Kijiji kikapanda huku. Siku arobaini, nyumba kumi na moja ndani ya tundu moja. Akawaonyesha mahali pa mbuzi, ambapo mwamba umelambwa mpaka ukalainika, kwa sababu una chumvi. Akawaonyesha ufa ambao moshi ulipandia, walipika alfajiri tu ukungu uufiche. Akawaonyesha jiwe linalodondosha maji. Chungu kimoja kinajaa tangu magharibi hadi asubuhi, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake.

Afande Romano hakuuliza tena kiti. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye mwaka ule alikuwa upande wa wanaokimbia. Mama mkwe akamwambia, "Basi karibu, mzee. Kaa hapa, hii jiwe ni laini."

Halafu akasema kuhusu binti yake.

Binti yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Jinja, na cherehani yake, vita ikamkuta. Wengine walibeba magodoro. Yeye aliacha nguo zake zote, akapanda ukuta huu na cherehani kichwani. Humu ndani alishona magunia yakawa mapazia, kila nyumba ikapata chumba. Watoto wakiogopa, alizungusha gurudumu bila uzi, wasinzie kwa mlio wake. Akawaonyesha jiwe bapa lililokuwa meza yake.

Namono alitaka kunieleza. Nakumbuka aliporudi alianza, mama na sisi tulikaa juu mlimani. Mimi nikamkatiza nimweleze mpango wa vitunguu. Sikumwacha amalize, na miaka miwili sikuuliza tena. Nililia pale nyuma ya jiwe. Naandika kama ilivyo.

Mwalimu Margret akauliza cherehani iko wapi sasa. Mama mkwe akasema, "Vita haikuiweza. Mkwe ndiye aliiweza." Wakacheka wote. Kicheko cha Gaster kilikuwa kifupi.

Nikataka kujifuta machozi. Kiwiko kikabonyeza kitufe chekundu cha kipaza sauti. Sikujua kwamba ni king'ora.

Popo! Maelfu! Walitoka juu ya kichwa changu wote kwa pamoja, walimu wakalala chini, Gaster akatoka pangoni akiita mama yake. Nilipokizima, nilisikia maji tu, na ile sauti, haikusogea hata hatua:

"Mkwe. Ni wewe?"

Mkwe hamjibu mama mkwe mdomo kwa mdomo. Nikafanya nilichoweza. Nikaweka kipaza sauti mdomoni, nikajibu kupitia hicho: "Ndiyo, mama." Wanasema ilisikika mpaka sokoni Mbale.

Mazungumzo yakaenda kwa adabu. Mama mkwe alimwambia Mwalimu Margret, Mwalimu Margret akaliambia jiwe, mimi nikajibu kwa kipaza sauti, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri. Nikasema nimekosa. Nikasema sikujua habari ya siku arobaini. Akamwambia Mwalimu aniambie kwamba kutojua si kosa, kosa ni kutouliza. Na sharti lake ni moja: cherehani ikifika Wanale, mtu atarudi Jinja. Isipofika, mtu ana kwao.

Kisha akajifunika kanga kichwani, akaugeukia ukuta nipite. Nami nilijifunika gunia nisije nikaona kitu, nikapiga mkono kwenye mwamba, ndio huu uliovimba.

Nje Namono alikuwa anawapakulia wageni malewa, machipukizi ya mwanzi, kwa mchuzi wa karanga. Hakunisalimia. Lakini sahani ya mwisho ilipobaki, alinisukumia mimi. Mwanzi ule haujawahi kuwa mtamu hivyo.

Jumatatu, 15 Februari

Nimemwendea Gaster. Nimemwambia achukue kipaza sauti chake, anipe cherehani. Amekinusa. Anasema kimeingiwa na mavi ya popo na pikapu yake pia. Bei yake: nioshe pikapu siku saba, asubuhi, barabara kuu, maduka yakiwa wazi. Na kila anayeuliza nimwambie kwamba mkurugenzi ni Gaster.

Nimekubali. Watu thelathini na wawili wameuliza leo.

Jumapili, 21 Februari

Siku ya saba. Mwalimu Margret amepita, akasimama nikisugua gurudumu. Anasema shuleni hawazungumzi jingine, walimu tisa wanataka kwenda Wanale mwezi ujao. Moyo ukaruka. Akasema wanamtaka mama Nabifo, na Namono awapikie. Nikauliza na mimi je? Akafikiri kwa uaminifu, akasema labda nibaki na gari.

Cherehani nimeipata. Gaster hakuwahi kuitumia. Ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa gazeti. Nimeifuta vumbi kwa shati la ukurugenzi. Pembeni, chini ya gurudumu, kuna chembe za mchanga mwekundu. Wa pangoni. Sikuzifuta.

Jumatatu, 22 Februari

Wanale. Nilipanda kwa miguu, cherehani kichwani, ili nijue. Nimepumzika mara tisa, na mimi sikukimbia mtu. Namono alinisubiri juu. Aliipokea, akazungusha gurudumu mara moja, akasikiliza. Akasema nikae, nile kwanza, tutaondoka kesho. Nikamwambia anieleze siku arobaini zote, tangu ya kwanza. Akanieleza mpaka jua likashuka. Sikumkatiza. Karibu nimkatize mara moja tu.

Mama mkwe alikohoa ndani ya nyumba. Namono akasema hicho ni kikohozi cha kuridhika.

Alhamisi, 25 Februari

Nyumba imejaa mlio. Namono anashonea sare shule ya Wanyange. Masufuria yamerudi. Nimeapa mbele yake, na kwa Mungu, kwamba cherehani siigusi.

Jumanne, 1 Machi

Nimefikiri tu. Pango lile lina kasoro moja, kule ndani ni giza. Wageni hawaoni jiwe la mbuzi vizuri. Pangekuwa na taa! Taa za umeme ndani ya pango, rangi tatu za dari zote zionekane. Odero wa kule Masese ana jenereta anayotaka kuiachia. Hataki fedha. Mke wake anataka cherehani.

Ni ya kuazima tu. Wiki mbili. Namono amekwenda Wanyange kupima sare, hatarudi kabla ya saa kumi. Sanduku la mbao la cherehani limefungwa kamba vizuri, amenirahisishia. Nimelibeba sanduku mpaka Masese. Zito kweli, na mimi niliapa siigusi, kwa hiyo nilishika sanduku tu.

Odero akakata kamba, akafungua.

Jiwe.

Jiwe bapa, jekundu, limelainika juu. Nalijua: ni la pangoni, kumbe Namono alishuka nalo. Nimelibeba hadi kwake, Odero akakaa chini kwa kucheka, nikalibeba kurudi.

Namono amerudi saa kumi, cherehani begani. Ameliona jiwe mezani, na kamba iliyokatwa. Amecheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniandalia chai. Mke wangu ana akili kuliko wote niliowahi kushindana nao. Jioni nzima nimemstaajabia.

Nimelitazama jiwe tena. Ndilo lenyewe, la pango halisi, meza ya vita. Mwalimu Margret alisema walimu wangependa kurudi na ukumbusho. Jiwe moja, likipasuliwa vizuri, ni mawe arobaini.

Kesho asubuhi nitamwuliza Gaster kama ana nyundo.