Masharti ya Jiwe Jeupe

Zihindula alikuwa na chukudu tatu, zile baiskeli za mbao, za kubebea maji kutoka ziwani, na ulimi mmoja uliofanya kazi kuliko zote tatu. Asubuhi hiyo alisimama Murara, mtaa mmoja wa Goma, kando ya bomba la mtaa lililokauka tangu juzi, akiwasikiliza akina mama wakilalamika kwamba bidoni, yaani dumu, ya maji haifiki hata jioni. Mtu mwingine angewahurumia. Yeye alisikia njaa.

Pale mtaani hakuna aliyejua kwamba chukudu zile ni zake. Aliwaachia vijana wazisukume, mwenyewe akakaa mbali na jasho. Basi akawaza hivi: watu wanalia kwamba maji yanaisha upesi, awauzie kitu cha kuyafanya yasiishe. Kitu hicho hakitafanya kazi, wataendelea kununua maji yake, naye atakula pande zote mbili.

Kitu chenyewe kilikuwa jiwe. Lakini Goma imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na kumuuzia mtu wa Goma jiwe jeusi ni kuomba akupige nalo. Kwa hiyo alikwenda hadi Kalengera, akajaza gunia la vijiwe vyeupe vya mtoni, akarudi amevaa koti la daktari lenye kalamu mfukoni, akijiita ingénieur, mhandisi wa maji.

"Unaitiya ndani ya bidoni," alimwambia Mama Victoire, muuza maharagwe kutoka Butembo, mbele ya majirani. "Maji inakuwa nzito. Inakawiya kuisha."

"Inakuwa nzito namna gani, muzee ingénieur?"

"Ni chimie, mama, elimu ya bazungu. Hata miye mwenyewe ilinisumbuaka."

Ni haki kueleza hapa ufundi wa mtu huyu. Mjanja wa kawaida anauza dawa. Mjanja aliyekomaa anauza dawa na masharti. Dawa ikishindwa, anakuuliza ni sharti gani umelivunja, nawe unarudi nyumbani ukijilaumu. Zihindula alichagua yale ya kukera kabisa.

"Hii jiwe iko na roho nyepesi. Haipendi kuona maji inamwangika bure. Vyombo munaosha ndani ya beseni. Kuoga, kila mutu na gobele yake, kikombe moja tu, hapana kujimwangia ndoo. Maji ya kusuuza nguo munachunga, munaosheya nayo chini na choo. Ile ya kuosheya mboga munapatia lengalenga ku bustani. Bomba ikivuja, mutengeneze. Na ku bati mutie mufereji, mvua ingie ndani ya pipa. Mutu moja akikosea, jiwe inakufa."

"Hata bwana?"

"Zaidi sana bwana."

Majirani walicheka, wakanunua. Mama Victoire alinunua bila kucheka.

Hapo ndipo Zihindula alipokosea. Ukitaka sharti livunjwe, usimpe mama wa Butembo, mji wa wachuuzi wasiopoteza hata senti, ambaye amekwisha kulilipia. Mama Victoire alisimama mlangoni pa bafu, akisikiliza. Bwana wake, Papa Adalbert, aliyezoea kuoga kana kwamba anazima moto, alitoka na kikombe chake mkononi, mpole kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Majirani wakaona bidoni za mama huyo zimebaki zimejaa, wakaingiwa na aibu, wakaanza kufuata. Mtaani wanaume wazima walikaripiana: "Angalia, utaua jiwe!"

Muda si mrefu chukudu zikaanza kurudi na mzigo wake uleule. Vijana wakamwambia tajiri wao kwamba Murara haina kiu tena. Zihindula alicheka, kisha akaacha kucheka. Mawe yalikuwa yamemlisha mara moja; maji ndiyo yaliyomlisha kila siku na kuwaweka watoto wake shuleni. Alishikwa na hofu, hofu ya kweli, na dawa yake ilikuwa moja tu, ambayo hakuwahi kuionja: kusema ukweli.

Jumapili baada ya misa aliwakuta akina mama uani kwa Mama Victoire.

"Bamama, munisikilize! Ile jiwe ni bongo tu, nilibadanganya. Niliiokota ku mutoni. Haina kazi!"

"Na kwetu maji inabakiaka namna gani?" aliuliza mama mmoja, Joyeuse.

"Ni masharti! Ni yale masharti tu!"

"Huyu bamemulipa," akasema Joyeuse. "Ni benye chukudu bamemutuma. Wivu!"

Wakamzomea. Zihindula, aliyedanganya mtaa mzima bila kutoa jasho, alilowa jasho kwa neno moja la kweli.

Mama Victoire akamvuta kando.

"Nyamaza, papa. Nilijua ni jiwe tu, siku ileile."

"Ulijua? Na ukanunua?"

"Miaka yote nasemaka ku hii nyumba: muchunge maji! Bwana hanisikiake, batoto habanisikiake. Jiwe, bameisikia. Haikuwa bei kali."

Zihindula alikung'uta koti lake la daktari.

"Si mubaya," alisema. "Chukudu ni zangu. Nitazihamisha zote ku mtaa ya Katindo. Kule bangali banamwanga maji."

Mama Victoire alimtazama, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma.

"Katindo? Kaka yangu Josias, ule wa lori, alitambua ile jiwe, aliniletea gunia mbili ya mawe kutoka Kalengera," alisema. "Jana nilimaliza kuziuzisha kule Katindo. Na ku masharti niliongeza zingine."