Mama Mkwe Kwenye Kochi la Mpira

Jumanne, 15 Julai
Balaa! Mama Hortense, mama mkwe wangu, amefika kutoka Kamina. Amekuja kumsindikiza Keren, kitinda mimba wetu, anayeolewa Jumamosi. Vizuri. Lakini ameketi saluni, sebule yetu, mbele ya televisheni, na hatoki. Mimi Gérard, mwenye nyumba, nimehamia jikoni.

Ndiyo desturi yetu. Mkwe ambaye hajatoa kuku wa kufungua njia hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hamtazami usoni. Kuku mmoja tu! Miaka yote ya ndoa nimekuwa nikimwambia mke wangu Agnès: mwakani. Leo kanikumbusha tena. Nimemjibu kwamba nikimtoa sasa, watu watadhani nimelazimishwa. Mwanaume ana heshima yake. Nimekula bukari, ugali wetu, nimesimama kando ya sufuria.

Jumatano, 16 Julai
Shida yenyewe ni hii: nataka mechi ya mwisho na Keren kabla hajaenda Kolwezi kwa mumewe. Moja tu. Mashine ile ya mchezo wa video tuliinunua tukikaa mtaa wa Makomeno, yeye bado mdogo, miguu yake haifiki chini ya kochi. Kila Jumapili baada ya misa, mpira. Manette mbili za kuchezea mikononi, karanga za kuchemsha katikati, aliyeshindwa anaosha vyombo. Kaka zake walicheza, wakakua, wakaondoka. Akabaki yeye. Akifunga bao alipiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Jamani, siku zile!

Hila ya leo: nimeshusha disjoncteur, swichi kuu ya nyumba, na kutangaza kwamba umeme umekatika. Nilidhani bibi atatoka nje kuota jua, maana baridi ya mwezi huu si mchezo. Wapi! Ameagiza mbabula, jiko la makaa, na blanketi, akajichimbia palepale. Samaki wa harusi wameyeyuka kwenye friza. Agnès amenikuta na kidole kwenye disjoncteur. Nimeosha vyombo bila hata kushindwa mechi.

Alhamisi, 17 Julai
Mabaya zaidi. Keren amemfundisha bibi kucheza! Jana mama huyu aliuliza kwa nini vijitu vile vinakimbia bila kunywa maji. Leo amemfunga Keren mawili. Nimesikia yote nikiwa jikoni, na kile kicheko cha Keren, kilekile cha Makomeno. Wivu mtupu.

Ijumaa, 18 Julai
Akili ni mali! Waya wa manette yangu ni mrefu. Nitakaa koridoni, nyuma ya pazia. Korido si saluni, desturi haijaguswa. Nimetoboa tundu dogo la kuchungulia televisheni. Agnès bado hajui kwamba ni lile pazia jipya la harusi. Keren amekubali, bibi atatazama tu.

Jioni. Tulicheza! Moyo ulirudi Makomeno mbio. Nilifunga matatu. Sikuacha hata neno moja la zamani: nikamwita mguu wa bata, nikamwambia akatafute sabuni, vyombo vinamsubiri. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Nikasubiri kicheko cha Keren. Nikasogeza pazia. Mwenye manette ni Mama Hortense. Keren hayupo.

Nimemwita mama mkwe wangu mguu wa bata! Nimemtuma akaoshe vyombo! Ardhi ya Kampemba, mtaa wetu, nimeze.

Jumamosi, 19 Julai
Wazee wa ukoo wamekaa alfajiri, hata kabla ya misa ya harusi. Faini: mbuzi. Na yule kuku, leo leo. Nimemtoa kwa mikono miwili. Mama Hortense amempokea, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza maishani, akasema: “Bukwe, sasa ikala.” Yaani mkwe, sasa keti. Nimeketi kwenye kochi langu, suti mwilini, kama mgeni.

Jioni gari la bwana harusi likaja kumchukua Keren. Nikamuuliza kwa nini aliniacha katikati ya mechi yetu. Akainama. “Papa, ulianza kupiga kelele sawa zamani. Écran ya televisheni shikuiona tena. Macho ilijaa mayi.”

Nililia mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi. Waseme wanavyotaka.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya misa. Kochi lipo, karanga zipo. Mama Hortense amenifunga sita, akanionyesha jikoni kwa kidevu. Nyumba ni kubwa mno leo.

Agnès amenishauri nimpigie Keren simu, nimwambie tu kwamba nimemkumbuka. Basi! Wazo zuri, lakini la kitoto. Nimechomoa waya wa mashine, nimeuficha mahali ambapo hakuna atakayeuona, ndani ya gunia la unga. Kesho nitampigia: mashine imekufa, wewe tu ndiye unayeijua, njoo haraka, beba nguo za wiki mbili.

Agnès ananiita jikoni. Anasonga bukari, anasema mwiko umenasa kitu.