Siku Ctibor Alipoishusha Tufani Nzima

Njooni, mlioketi na mliosimama, wekeni glasi chini na mnyamazishe simu zenu, maana leo nawahadithia vita vilivyopiganwa juu ya malisho ya nyuma ya kiwanda cha matofali, katika nchi ya Moravia, Jumamosi moja ya Mei. Na shujaa wa vita hivyo, msicheke mapema, ni mimi hapa, Ctibor wa Alois, fundi miwani, mwenye kitambi kinachotangulia na ujasiri unaofuata kwa mbali.

Misimu mitatu nilikuwa nikimrusha Bata, ndege mdogo wa sponji anayeongozwa kwa rimoti, mwenye bawa juu ya mgongo na upole usio kifani. Bata alikuwa na fadhila moja kuu: ukichanganyikiwa, achia tu vijiti vya rimoti, naye atajinyoosha mwenyewe na kuelea zake kana kwamba hujamkosea lolote. Nami nilichanganyikiwa kila nilipomrusha. Kuachia vijiti ndiyo iliyokuwa elimu yangu yote ya urubani, na kwa elimu hiyo nikajiona sultani wa anga.

Basi kiburi kikanipanda, nikaunda ndege mpya, Tufani. Majira yote ya baridi niliiteka meza ya jikoni, nikaizingira kwa vibao vyepesi, gundi na vumbi la msasa, hata mke wangu Blažena, ngome ya subira, akatoa tamko lake.

"Sikiliza, mume wangu," akasema. "Hiyo ndege ikivunjika siku ya kwanza, meza yangu inarudi, na hizo gundi zako natupa zote. Mambo ya ndege basi. Tumeelewana?"

Nikainuka, nikaweka mkono kifuani. "Ewe malkia wa nyumba hii, kuta na zishuhudie: Tufani itarudi nzima, au Ctibor hatagusa tena msasa hadi kaburini."

"Haya. Toa mkono, unajipaka gundi."

Ikafika siku. Bawa la Tufani li chini ya tumbo, jembamba, la shari. Mzee Radovan, mwenyekiti wa klabu yetu, amiri jeshi wa malisho yale, akaizunguka na kuupapasa mkia wake.

"Ctibor, huyu si Bata," akasema. "Ukiilaza upande, italala hivyo hivyo mpaka uinyanyue mwenyewe. Usiachie vijiti hata kidogo."

"Mzee wangu," nikanena, "mikono hii ilizaliwa kushika hatamu za pepo!"

"Mikono naiona. Bado ina gundi."

Tufani ikanguruma, ikayapasua majani, ikapaa. Nami nikamtazama Blažena, aliyekuja kwa mara ya kwanza na kuketi kwenye kiti cha kukunja, kuona kama anaona. Anaona. Nikazunguka mara moja kwa utukufu mkubwa. Kisha nikaikata kona juu ya shamba la haradali lililochanua, ndege ikanigeukia uso kwa uso, kushoto kukawa kulia, kulia kukawa sijui wapi, akili ikafunga duka. Nikafanya nilichokifanya misimu yote mitatu. Nikaachia.

Ole wangu! Tufani haikujinyoosha. Ikabaki imelala ubavu, ikainamisha pua, ikashuka kuelekea haradali bila haya.

"Shika vijiti, we mtu!" akafoka Radovan.

Niliogopa, siwafichi. Niliiona meza ikiondoka na maisha yangu ya utu uzima juu yake. Nikashika.

"Nyoosha bawa kwanza," akasema mzee, sasa kwa upole. "Eeh. Sasa vuta. Taratibu, taratibu."

Nikavuta. Tufani ikaibuka na maua ya njano kwenye magurudumu, ikazunguka ikiyumba, ikarudi uwanjani, ikagonga chini, ikaruka, ikagonga tena, ikasimama pua yake imezama kwenye kichuguu cha fuko. Radovan akaenda, akaichomoa, akaikagua kila upande.

"Nzima," akatangaza. "Hata pangaboi."

Na desturi ya klabu yetu, tuliyoiazima kwa marubani wa kweli, ni hii: anayeishusha nzima ndege yake ya kwanza yenye bawa tumboni huinamishwa, na kila mwanachama humchapa kiganja kimoja makalioni, ili makalio nayo yajifunze kuusikia upepo. Wakanichapa kwa mapenzi makubwa mno.

"Na mke wa rubani haruhusiwi?" akauliza Blažena, akikunja mikono ya sweta.

"Mke ndiye anayefunga kazi," akasema Radovan.

Blažena hukanda unga kila Ijumaa. Sitasema zaidi.

"Meza yako," akaniambia, akikung'uta kiganja. "Umeipata kihalali, baba."

Basi iandikwe, na wazaliwa wa kesho wasomewe, kwamba siku hiyo Ctibor wa Alois aliishinda Tufani mbele ya mashahidi, akaikomboa meza ya jikoni iwe milki yake daima dawamu, na jioni ile akala supu mezani pake, kwa fahari isiyosemeka, akiwa amesimama.