Ndege Aliyejificha Kwenye Kayaba

Jumatatu, 8 Machi 1971

Ameimba tena! Yumo ndani ya ua wa kayaba nyuma ya jikoni, na sijamwona hata unyoya. Sauti tatu zinazoshuka, kama mtu anayeteremka ngazi. Ndege wa mvua, hakuna mwingine. Jirani yangu Mutahi anasema siye. Ati ndege wa mvua huimba juu ya mti mrefu, hajifichi kwenye miiba, na mvua haiji kabla ya mwisho wa mwezi. Mutahi anajua kila kitu. Nilimwambia nimekuwa mpishi hotelini Nanyuki miaka kumi na minane, ndege nawajua. Sikumwambia ni kuku na kanga.

Gathoni, mke wangu, anasema tusipande bado, tungoje. Yeye amelima shamba hili peke yake miaka hiyo yote, mimi nikija likizo tu. Sasa nimestaafu, na nataka aone kwamba nyumba hii imepata mkulima. Mbegu ipo: kibuyu cha njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi, mbegu ya marehemu mama yake, ambayo Gathoni huitunza msimu hadi msimu. Binti yetu Kagure atajifungua mwezi wa tisa. Mzazi asiyepikiwa njahi za kwao atasema alizaliwa na nani?

Jumatano, 10 Machi

Mpango! Alfajiri nilijifunika gunia, nikachomeka majani, nikaingia ndani ya ua kumvizia. Miiba ya kayaba haina heshima kwa mtu mzima. Ndege akaimba nyuma yangu. Nikageuka, kwa maumivu makubwa. Akaimba mbele. Mutahi akapita na ndoo ya maziwa, akanisalimu kwa jina langu kamili, kisha akauliza kwa upole kama choo chetu kimeporomoka.

Jioni Gathoni alinitoa miiba kwa sindano. Alicheka mpaka sindano ikatikisika. Sikukasirika. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Ijumaa, 12 Machi

Gathoni ameenda Murang'a kumwona dada yake Watiri, anayeumwa. Aliacha amri moja: nisiguse kibuyu. Saa hiyo hiyo ndege akaimba, mara tatu! Mtu afanye nini? Nimepanda njahi zote kwenye udongo mkavu. Mvua ikinyesha usiku, atarudi akute shamba limeota, aseme kweli huyu ni mume. Mutahi alisimama mpakani akitazama. Akasema, “Theuri, wewe umesikia mvua. Mimi naona jua tu.” Wivu.

Jumapili, 14 Machi

Jua. Nilitoka kanisani nikakuta kuku wa Mutahi shambani, na kuku wetu wakiwaonyesha njia. Nilikuwa nimefukia juu juu kwa sababu ya mgongo. Nimeokota kiganja kimoja tu, nyingine zimeshaliwa. Mbegu ya mama mkwe! Chakula cha mjukuu wangu! Sikula chakula cha jioni. Nilimlaani ndege kwa Kiswahili na Kikuyu, naye akaimba ile ile ya mvua.

Jumatatu, 15 Machi

Lazima niandike yote. Gathoni alirudi jioni. Nilikuwa jikoni nimejikunja, nikitafuta maneno. Ghafla mluzi langoni: mifupi miwili, mmoja mrefu wenye kona mwishoni. Ni mluzi wangu! Naupiga nikipanda mlima kuja nyumbani tangu tulipooana. Lakini mimi nilikuwa nimekaa jikoni, mdomo umefungwa.

Gathoni hakushtuka. Akasema ni yule wa kayaba, mwizi wa sauti. Amemwibia ndege wa mvua, amewaibia vifaranga, amemwibia Mutahi anavyoita ng'ombe. Nami ameniibia siku za likizo. Nilikuwa Nanyuki, akasema, na ndege anapiga mluzi wangu jioni, naye anainuka kuweka chai. Mara za kwanza alilia. Baadaye aliweka tu kikombe cha pili, chai ikapoa, akainywa mwenyewe.

Nililia, sioni aibu kuandika. Miaka kumi na minane ndege amekuwa akifika nyumbani badala yangu. Kisha nikaungama kuhusu njahi. Gathoni akainama, akatoa kibuyu kingine chini ya kitanda. Aligawa mbegu siku niliporudi na sanduku langu. Akasema, “Baba Kagure, mimi nilijua nimeolewa na nani.”

Jumanne, 30 Machi

Mvua ilianza Alhamisi, kama alivyosema Mutahi. Gathoni alipanda, mimi nikafukia, vizuri mara hii. Leo njahi zimechungulia. Nimekaa shambani nikizitazama kama mtoto. Lakini Mutahi amenisalimu mara nne kwa kuuliza ndege wangu anasemaje. Hili haliwezi kupita hivi hivi.

Jumatano, 14 Aprili

Mpango bora kuliko yote! Kila asubuhi Ndungu wa gari la maziwa hupiga mluzi njia panda, na Mutahi hukimbia na ndoo. Wiki mbili nimekuwa ndani ya ua, na gunia langu, nikimfundisha ndege mluzi wa Ndungu, ili Mutahi akimbie bure. Leo alfajiri ulisikika, safi kabisa! Nikanyakua mtungi, nikateremka mlima mbio tusije tukaachwa. Njia panda hapakuwa na mtu. Mtungi ulikuwa mtupu, ng'ombe bado hajakamuliwa. Juu kule Mutahi alikuwa mlangoni kwake, akitazama saa yake.

Nikapanda polepole. Karibu na lango nikapiga mluzi wangu, kwa unyonge. Gathoni alikuwa tayari amesimama na kikombe. Anasema bado hawezi kututofautisha, kwa hiyo hutoka kila mara.

Chai ilikuwa moto. Kesho narudi kwenye kayaba mapema zaidi. Mpango haukuwa na kosa, ndege ndiye aliyewahi kabla ya wakati.