Siku "he" na "she" ziliponigeuka

Jamani, nimeaibika leo, tena nikiwa nimevaa tai.

Nalinda jengo moja la ofisi hapa West Bay, huku Uarabuni. Mwenzangu wa zamu ni Imrani, Mpakistani mwenye masharubu kama ufagio. Miezi mitano sasa namfundisha Kiingereza wakati wa mapumziko. (Ndiyo, mimi. Mwenye D ya Kiingereza.)

Kilichomtesa ni "he" na "she".

"Ticha, kwa Kiurdu wote ni 'woh'," alikuwa akilalamika. "Mwanamume 'woh', mwanamke 'woh'."

"Hata kwetu wote ni 'yeye'. Lakini mimi nimeshazoea," nikamjibu. "Rudia!"

Akawa anarudia. "She is my mother. He is my father." Hadi kwenye lifti, peke yake.

Leo alikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi. Miaka minne amesimama getini juani akiisubiri nafasi hiyo. Mimi ndiye msimamizi wa zamu, kwa hiyo nikaitwa nimsemee. Mezani walikuwepo meneja, ambaye ni mzee wa Kimisri, na mama mmoja wa idara ya utumishi.

Nikakohoa. Nikatoa sauti ya mtangazaji.

"Imran is a very good man. She is never late. She loves her job."

Meneja akayatazama masharubu ya Imrani. Kisha akanitazama mimi.

"Ticha," Imrani akaninong'oneza, "he."

Nikachanganyikiwa. Nikamgeukia yule mama ili nijiokoe. "Sorry! Ask madam. He knows him!"

(Kwa nini sikunyamaza? Hata mimi sijui.)

Mama akajificha nyuma ya faili, mabega yanatikisika. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Nikajua basi, nimemharibia mwenzangu.

Ndipo Imrani akasimama. Kwa Kiingereza, taratibu, akaeleza kwamba lugha yake ina neno moja kwa mwanamume na mwanamke, na yangu pia. Kwamba mimi nimeacha kupumzika ili nimfundishe tofauti. Kila "he" mahali pake. Kila "she" mahali pake!

"Nani aliniambia huyu hajui Kiingereza?" meneja akauliza. "Jumapili, wiki ikianza, aanze kazi."

Kule nje Imrani alinikumbatia hadi tai ikapinda. Machozi yalinilenga, nusu ya aibu, nusu ya furaha.

Wa kucheka acheke sasa hivi amalize. Kesho walinzi wanne wanaanza darasa kwangu, na habari hii bado haijawafikia.