Mita Mbili za Jiko

Jumatatu, tarehe 8 Julai
Nimepoteza nusu ya nyumba yangu jana, saa tano asubuhi, kanisani, hapahapa mjini Baraka, nikiwa mzima wa afya. Pasta aliuliza ni baba gani amejenga nyumba kwa jasho lake. Nikasimama. Matofali 4,600, mabati 38, kwa nini nisisimame? Pasta akasema vema, sasa baba huyu atuambie jina la mke wake litaingia lini kwenye karatasi ya parseli, yaani ya kiwanja. Watu mia mbili wakageuka. Nikasema: wiki hii. Mdomo huu!

Njiani mke wangu Georgette akanikumbusha dada yake Fanny wa Lweba. Mume alizikwa Jumanne, Alhamisi mashemeji wakamtoa nyumbani na godoro moja. Nikamwambia mimi sifi. Akasema hata marehemu alisema hivyo.

Jumanne, tarehe 9
Nimemwambia Georgette kuwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu mwenye kashe, ule muhuri wa karatasi, amesafiri Misisi siku nane. Akapanda pikipiki. Dakika ishirini, akarudi na salamu za shefu. Alimkuta uani ananyoa ndevu. Miadi: Alhamisi, saa tatu.

Kaka yangu Wilfried anacheka. Eti nikiandika jina la mwanamke, ukoo utaninunulia kitenge nivae. Yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja. Hata hivyo imeniuma.

Alhamisi, tarehe 11
Kwetu karatasi haigongwi kashe mpaka majirani wasimame, kila mmoja kwenye pembe yake, wakishuhudia mpaka. Wakaja wote wanne. Wakanywa soda yangu.

Nilikuwa nimemnong'oneza shefu: Georgette aandikwe chini, mstari wa mashahidi. Jina litakuwa kwenye karatasi, ahadi imetimia. Hesabu safi! Georgette akaisoma taratibu, akanirudishia kalamu. Eti: "Baba Merveille, mi siko shahidi. Maji ya matofali 4,600 nani alichota, bamalaika?" Majirani wakapiga makofi. Na soda yangu tumboni!

Nikatafuta muda. Nikasema kwa ukali kwamba hapa haandikwi mtu kabla ya kupima. Nilijua shefu hana utepe. Kumbe Mama Constance, mjane wa pembe ya kusini, anao wa marehemu mume wake, seremala. Karatasi inasema urefu mita 25. Chini tukapata 27. Mita mbili za mwisho ni za Mama Constance, na juu yake limekaa jiko letu zima. Shefu akarudisha kashe mfukoni: hakuna karatasi mpya ya nyumba mpaka neno la jiko liishe.

Walipoondoka nimepima mwenyewe kwa hatua. 27 na nusu. Nusu hiyo ni siri yangu.

Ijumaa, tarehe 12
Mpango: nisimfuate Mama Constance. Aje yeye kunibembeleza, bei ishuke. Nimeketi mlangoni kutwa nzima, shati jeupe. Hakuja.

Saa kumi akapita Georgette na karatasi, wino bado mbichi. Amenunua mita mbili kwa magunia matatu ya ndakala, dagaa zake za kuuza. Mwenye parseli ya mita hizo mbili: Georgette, peke yake. Kashe juu! Nikauliza jina langu liko wapi. Akasema yeye, Mama Constance, shefu na majirani walipima huko nyuma, wakasaini, wakamaliza, na mimi nilionekana tu mbele ya nyumba nimevaa kama bwana harusi.

Jumamosi, tarehe 13
Leo nimepiga hodi kwenye jiko langu. Nimejibiwa: karibu, mgeni. Chakula kilikuwa kizuri. Ndicho kinachoniudhi.

Nimemwandikia barua. Nakala mbili, moja nimebaki nayo:

"Mama Merveille. Jiko lile ni matofali yangu 610, niliyahesabu. Mume na mke ni mwili mmoja, na mwili mmoja hauwezi kuomba ruhusa kwa mwili mmoja kula ugali. Jina lako kwenye nyumba ni neno lingine, tusilichanganye na hili, tutalitazama kiangazi kijacho. Sasa nijibu moja kwa moja, bila methali, bila habari za Fanny: unaniandika kwenye karatasi ya jiko, ndiyo ao hapana? Nangoja mpaka saa sita kamili."